Mfanyakazi wa Bembea Aliyenuna: Tumlaumu Nani?

Malalamiko dhidi ya wafanyakazi wa bustani za burudani, zile zenye bembea na mitambo ya kupanda, yanafanana popote bustani hizo zilipo. Mzazi amepanga foleni saa nzima na mwanawe, wamefika mbele, na kijana mwenye fulana ya kampuni anamsimamisha mtoto kwenye kipimo cha kimo, anatikisa kichwa na kuita anayefuata. Hakuna pole wala maelezo. Siku nyingine mtambo unasimamishwa ghafla, watu wanaambiwa watoke kwenye foleni, na anayeulizwa sababu anajibu "sijui" huku akitazama pembeni. Wengi wanafikia uamuzi uleule: vijana hawa hawana adabu, hawajui kwamba mteja ni mfalme, na dawa yao ni kufukuzwa.

Upande wa wateja una uzito wake. Siku ya bustani ni ghali, na kwa familia nyingi ni akiba ya miezi. Mtoto hawezi kumtofautisha mtumishi aliyechoka na mtumishi asiyempenda. Kwake yote mawili ni kukataliwa. Mwaka 2022, katika bustani ya Sesame Place jimboni Pennsylvania, Marekani, ilisambaa video ya mfanyakazi aliyevaa vazi la kikaragosi akiwapungia mkono wa kuwakataa wasichana wawili wadogo weusi waliokuwa wamemnyooshea mikono. Kampuni kwanza ilisema vazi lile linamzuia mvaaji kuona vizuri walio chini, na kwamba ishara ile haikumlenga mtu yeyote hasa. Baadaye iliomba radhi na kuahidi mafunzo kwa wafanyakazi. Kesi ya ubaguzi iliyofunguliwa na familia nyingine ilishindwa mahakamani mwaka 2024, lakini kwa mzazi aliyeshuhudia uso wa mwanawe ukinyong'onyea, hukumu haifuti kitu. Ukatili wa makusudi nao upo. Mtafiti John Van Maanen, aliyewahi kuendesha mitambo katika bustani ya Disneyland, California, kabla hajawa msomi, alieleza mwaka 1991 jinsi baadhi ya wafanyakazi walivyokuwa wakimkomoa mgeni mkorofi kwa kumkaza mkanda kupita kiasi. Hilo halina utetezi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yanayoitwa kiburi si kiburi. Tunachanganya kukataliwa na kudharauliwa, na mchanganyo huo una hatari ambayo mgeni mwenye hasira haioni.

Tarehe 24 Machi 2022, jijini Orlando, Florida, mvulana wa miaka 14 alipanda mtambo wa kuangusha watu kutoka juu, wenye urefu wa zaidi ya mita 130, katika eneo la burudani la ICON Park. Mtengenezaji wa mtambo huo alikuwa ameweka kikomo cha uzito cha kilo 130 kwa abiria, na mvulana yule alikuwa mzito kuliko hapo kwa kiasi kikubwa. Baba yake alisema baadaye kwamba mitambo mingine ilikuwa imemkatalia. Huu haukumkatalia. Uchunguzi ulibaini kwamba kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, hivyo taa ya usalama ikawaka ingawa mkono wa chuma unaomshika abiria mabegani ulikuwa umeacha nafasi kubwa kupita kawaida. Mtambo uliposhika breki, aliteleza kwenye kiti na kuanguka. Alifariki.

Fikiria waendesha mitambo waliomrudisha kijana yule kabla hajafika pale. Bila shaka walionekana wagumu. Huenda kuna aliyewanung'unikia kwamba wanamwaibisha mtoto mbele za watu. Kwa kipimo cha huduma kwa wateja tulichokizoea, wao ndio waliokosea, na yule aliyempokea ndiye mkarimu. Kwangu mimi kipimo hicho kimepinda, na hadi kinyooshwe siwezi kukitumia kumhukumu mfanyakazi.

Kampuni ya Disney, ambayo ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kutarajia tabasamu katika bustani za burudani tangu ilipofungua Disneyland mwaka 1955, kwa miongo mingi iliwafundisha wafanyakazi wake mambo manne kwa mpangilio maalumu: usalama, ukarimu, maonyesho, na ufanisi. Ukarimu ni wa pili, na mpangilio huo una maana. Mambo mawili yakigongana, la juu linashinda. Mtoto aliyepungukiwa sentimita 2 hawezi kupitishwa kwa sababu mama yake amebembeleza, kwa kuwa kizuizi cha kiti kimeundwa kwa mwili wa kimo fulani, na mwili mdogo unaweza kuteleza chini yake. Kijana aliyesimama pale hana mamlaka ya kusamehe hata sentimita moja. Akisamehe na likatokea jambo, ataulizwa yeye.

Halafu kuna hesabu ambayo wageni hatuifanyi. Chukua treni ya bembea, ile inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka, yenye viti 24, inayotoka kila baada ya dakika 2. Hao ni watu 720 kwa saa. Kwa zamu ya saa 8 ni watu 5,760, na kila mmoja kizuizi chake lazima kivutwe kwa mkono kuhakikisha kimefunga. Kazi hiyo wakigawana wawili, kila mmoja amekagua karibu watu 2,900 kabla ya kwenda nyumbani. Yule wa 2,900 anahitaji ukaguzi uleule aliopata wa kwanza, maana chuma hakijui kwamba jioni imefika. Sisi tunataka pia kila mmoja apate tabasamu lilelile. Binadamu ana kiasi fulani cha umakini kwa siku. Ikibidi nichague, bembea ikiwa imembeba mwanangu, ningependa umakini huo uishie kwenye kufuli la kiti, hata kama uso wa mkaguzi umekauka.

Kinachofuata baada ya ajali kinafundisha zaidi. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, treni ya bembea iitwayo Smiler ikiwa na watu 16 iligonga treni tupu iliyokuwa imekwama njiani. Watu 5 waliumia vibaya, na wasichana wawili walikatwa mguu. Mafundi, bila kujua kwamba treni ile tupu bado ipo kwenye reli, walikuwa wameondoa zuio la kompyuta lililokuwa limesimamisha mtambo. Awali kampuni mmiliki, Merlin, ilitoa taarifa kwamba chanzo ni makosa ya binadamu. Mahakama haikukubali. Jaji alisema wazi kwamba kasoro ya msingi ilikuwa kukosekana kwa utaratibu madhubuti wa kazi, na mwezi Septemba 2016 Merlin ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Tukirudi kwenye kununa na majibu ya mkato, nasi wageni tunarudia lile ambalo jaji alilikataa: tunamshika mtu aliye karibu na mkono wetu na kumwacha aliyepanga zamu, idadi ya watumishi na mshahara.

Mshahara nitakaa nao kidogo. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa wafanyakazi wapatao 5,000 wa Disneyland, California. Asilimia 73 walisema kipato chao hakitoshi mahitaji ya msingi ya kila mwezi. Asilimia 11 walisema kuna wakati katika miaka 2 iliyotangulia hawakuwa na makazi. Kampuni iliupinga vikali. Ilisema si wa kisayansi na kwamba uligharimiwa na vyama vya wafanyakazi. Pingamizi hilo lina mantiki, kwa sababu mwenye shida ndiye mwepesi wa kujibu dodoso la aina hiyo. Basi tufanye hesabu kwa namna inayoipendelea kampuni kuliko zote: tuseme miongoni mwa maelfu ambao hawakujibu, hakuna hata mmoja aliyewahi kulala nje. Bado asilimia 11 ya watu 5,000 ni watu 550. Watu 550 ambao katika kipindi hicho walipitia siku za kulala ndani ya gari, au kwenye sebule ya rafiki, au mahali pabaya zaidi, kisha asubuhi wakavaa sare na kutakiwa wawe sehemu ya furaha ya wengine. Kila ninaposoma lalamiko kwamba mhudumu fulani "hakuonyesha furaha", namba hiyo hunirudia, na sijapata njia ya kuipunguza ikawa ndogo.

Tena hiyo ni bustani inayofanya kazi mwaka mzima, yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Mwaka huohuo vyama hivyo vilipata makubaliano ya kima cha chini cha dola 15 kwa saa, na mwaka 2024, baada ya wanachama kupiga kura ya kuruhusu mgomo, kikafika dola 24. Bustani ndogo za msimu ziko mbali na hapo. Sheria ya kazi ya serikali kuu ya Marekani inaziruhusu sehemu za burudani zisizofunguliwa zaidi ya miezi 7 kwa mwaka zisifuate kima cha chini cha taifa, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25 kwa saa, wala malipo ya muda wa ziada. Baadhi ya majimbo yana sheria zao zinazowalinda zaidi wafanyakazi, lakini msimamo wa sheria ya taifa unaeleweka: jasho la kijana wa bembea wakati wa kiangazi linaweza kuthaminiwa chini ya jasho la mwenzake wa dukani. Halafu tunashangaa kwamba kila msimu tunakutana na wafanyakazi wapya, wenye mafunzo ya siku chache, ambao mwakani hawarudi.

Kuna pia hasira ambazo bustani yenyewe inazitengeneza na kumwachia mtumishi azimeze. Disney ilipoanzisha njia ya kupunguza kusubiri mwaka 1999, ilikuwa bure kwa wote. Mwaka 2021 ikageuzwa kuwa ya kulipia, na kufikia Oktoba 2024 ikatangazwa tiketi ya kuruka foleni ambayo bei yake Florida, siku za msongamano, ilitajwa kufika dola 449 kwa mtu, juu ya kiingilio. Mahali foleni mbili zinapokutana anasimama mfanyakazi mmoja. Kwa mkono mmoja anawapitisha waliolipa, kwa mwingine anawazuia waliosubiri tangu asubuhi. Bei hakuipanga yeye, lakini maneno yote anaambiwa yeye. Na si maneno tu. Mwaka 2022 Knott's Berry Farm ya California ililazimika kuagiza vijana wa miaka 17 na chini waandamane na mtu mzima siku za Ijumaa na Jumamosi, baada ya ngumi kurushwa ndani ya bustani. Huko Tokyo, jiji ambalo ukarimu wake kwa wateja husifiwa kila mahali, sheria ndogo ya kuwakinga wafanyakazi dhidi ya manyanyaso ya wateja ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2025. Wanaosema "mbona kule wanatabasamu" wasiisahau sheria hiyo.

Jibu lenye nguvu zaidi la upande wa pili ni kwamba neno "pole" halina gharama. Hata mwenye mshahara mdogo anaweza kulisema, na wapo wengi wanaolisema. Ni kweli, na sitaki kuwaondolea wafanyakazi heshima ya kuwa na wajibu. Kukataa kunaweza kufanywa kwa upole: kuinama hadi usawa wa macho ya mtoto, kumwambia bado kidogo, kumwelekeza kwenye bembea inayomfaa. Mfanyakazi anayemcheka mtoto mfupi au mtu mnene hana kisingizio cha mshahara.

Lakini hata hapo nafasi ya kuwa mpole hupangwa na mtu mwingine. David Maister, mtaalamu wa usimamizi wa huduma, aliandika mwaka 1985 kwamba kusubiri bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kusubiri ukiwa umeelezwa. Wamiliki wa bustani wanalijua hilo. Mtambo ukisimama, mara nyingi yule wa mlangoni kweli hajui sababu. Fundi yuko upande wa pili na hakuna aliyempa neno la kuwaambia watu. Kijana asiyepewa taarifa atasema "sijui", na "sijui" yake ndiyo kauli ya kweli aliyonayo. Vivyo hivyo mtoto kupimwa kimo mwisho wa foleni ni uamuzi wa ofisi. Bustani inayompima mlangoni mwa foleni, au inayomvisha utepe wa mkononi wa rangi ya kimo chake anapoingia asubuhi, imeondoa machozi mengi bila kumfundisha mtu yeyote kutabasamu.

Kwa hiyo anayetaka kulalamika alalamike, ila aandike mambo ambayo mwenye bustani hawezi kuyatupa kwa kumfukuza kijana mmoja. Jukwaani walikuwa wafanyakazi wangapi, na treni ilibeba watu wangapi? Kipimo cha kimo kilikuwa mwanzo wa foleni au mwisho? Mtambo uliposimama, tangazo lilitoka baada ya muda gani, na lilisema nini? Waliosimama juani walikuwa na kivuli na maji? Na kama mtumishi alitukana au kubagua, aandike hilo peke yake, kwa saa na mahali, lisichanganywe na yule aliyetikisa kichwa kwenye kipimo na kukataa kukipindisha.