Kidonge hakijui goti liko wapi

Mama aliteremka kutoka Kibosho kuuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, jioni akanipigia simu: "Mwanangu, tangu juzi napata choo cheusi kama lami." Nilipofika nikamuuliza anameza dawa gani. Akafungua fundo la kanga, akatoa kibahasha cha kaki kilichoandikwa 1x3, basi. Jina la dawa hakuna. "Ni vidonge vya goti," akasema. Ilibidi niende duka la dawa alikovinunua usiku uleule kuuliza: diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe.

Hilo neno "vya goti" ndilo linalonikera. Hakuna kidonge cha goti! Ukikimeza, dawa inaingia kwenye damu, na damu inaisambaza mwili mzima. Popote inapofika inazuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini. Gotini, kemikali hizo ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu, kwa hiyo zikipungua unapata nafuu. Tumboni, hizohizo ndizo zinazolinda ule ute unaokinga ukuta wa tumbo usiunguzwe na tindikali; ute ukipungua, tumbo linaweza kuvuja damu, na damu hiyo ndiyo inayofanya choo kiwe cheusi kama lami. Kwenye figo zinasaidia mishipa ibaki wazi, damu ipite. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini na ndugu zake, jamii ya diklofenaki, hufanya kazi kwa njia hiyo, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Sisi huku bado tunaambiwa "vya goti".

Jirani naye akashauri achomwe sindano, eti haipiti tumboni. Jamani, sindano nayo inaishia kwenye damu, na tumbo linalishwa na damu hiyohiyo! Mlango wa kuingilia ni mwingine, ute unapungua vilevile.

Sawa, goti lilipoa. Wiki nzima Mama alipanda kilima bila fimbo, na siwezi kumwambia mtu anayebeba mkungu kichwani avumilie maumivu. Ila ana presha, anameza dawa zake kila asubuhi, na diklofenaki huweza kuipandisha presha na kuzielemea figo. Pale dirishani lilitosha swali moja tu: mama, kuna dawa nyingine unayotumia? Hakuna aliyemuuliza.

Daktari alimsimamishia diklofenaki siku ya pili yake, akamwandikia omeprazoli, ya kupunguza tindikali tumboni. Choo kimerudi rangi yake. Goti limeanza tena kumuuma, na shambani kuna mikungu mitatu imekomaa.