Kisu Kipite Wapi, Chuchu Ikibaki?

Mwanamke akiambiwa titi litatolewa lakini chuchu itabakizwa, swali lake la kwanza huwa moja: kovu litakaa wapi? Nimelisikia mara nyingi hapa Mombasa nikifunga vidonda, na kwangu si swali la urembo tu.

Katika upasuaji huu nyama yote ya ndani ya titi hutolewa, ngozi na chuchu hubaki, kisha nafasi hujazwa silikoni au nyama ya tumboni. Saratani ikiwa imefika kwenye chuchu, upasuaji huu haufai.

Madaktari wengi hupenda kukata chini ya titi, kwenye mkunjo. Nawaelewa. Kovu hujificha, na kisu kiko mbali na chuchu. Nyama ikishatoka, chuchu haipati tena damu kutoka nyuma. Inaishi kwa vijishipa vya ngozini tu. Mkato wa kuzunguka weusi wa chuchu huficha kovu vizuri, lakini unakata vijishipa hivyo hivyo, na kadiri unavyozunguka ndivyo hatari inavyopanda. Nimefungua bandeji nikakuta chuchu imekuwa zambarau. Mara nyingine ngozi ya juu hubanduka na chini yake panatokea uhai. Mara nyingine inakuwa nyeusi, kavu, na hakuna wa kuirudisha. Kwa mgonjwa wa kisukari, mvutaji sigara au aliyekwisha kupigwa mionzi, mkato huo nisingeutaka kabisa.

Hata mkunjo una udhaifu wake. Titi likiwa kubwa au limelala, daktari hufanya kazi kama mtu aliyeingiza mkono mtungini: sehemu ya juu iko mbali, na ngozi ikivutwa sana ili aone, inaumia. Akiacha nyama huko juu, ameacha titi. Tena uvimbe mwingi wa saratani huanzia sehemu ya juu upande wa kwapa, na tezi za kwapani huenda zikahitaji mkato wa pili. Mkato wa ubavuni, kutoka kando ya chuchu kuelekea kwapani, hufungua kote kwa mara moja. Gharama yake ni kovu linaloonekana, na ngozi zetu nyeusi hupata keloidi, kovu linalovimba na kutanuka, kwa urahisi.

Kuna na hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, jasho hutuama chini ya titi, na kidonda cha mkunjoni kinataka kukaushwa na kuangaliwa kila siku.

Kwa titi dogo au la kadiri ningechagua mkunjo. Kwa uvimbe wa juu na titi kubwa, ubavu, hata kama kovu litaonekana. Kutoa saratani yote kunatangulia. Ila mstari uchorwe mgonjwa akiwa amesimama, maana akilala titi huhama na mkunjo si ule tena. Na aulizwe anavaa nini nyumbani. Mama mmoja, badala ya kujibu, alijifunga leso yake pale pale mbele ya daktari, akaifutika ubavuni. Ncha ikakaa juu ya wino. Daktari akaufuta mstari, akauchora upya chini kidogo, akamshikia kioo auone.