Bakteria wa udongoni wanapimwa kwa mizani isiyo yao

Mkulima wa Dodoma akionyeshwa kipakiti cha bakteria wa kuchanganya na mbegu, swali lake la kwanza ni moja: kinalingana na mifuko mingapi ya Urea? Muuzaji, kwa kutaka hela, hulijibu. Msimu ukiisha na mtama haujawa wa kijani kama wa jirani aliyetia mbolea ya kukuzia, kipakiti kinaitwa utapeli.

Wanaokiita utapeli wana hoja. Udongo wetu mwekundu wa kichanga una njaa ya naitrojeni na fosforasi, na hakuna bakteria anayeumba fosforasi. Tena bakteria ni kiumbe hai; mkalishe miezi kadhaa kwenye duka la bati, joto la Oktoba hili tulijualo, unachouza ni unga tu. Hapo sibishi.

Ninachobishia ni kipimo. Azospirillum, bakteria aliyepata umaarufu miaka ya 1970 kupitia kazi za mtafiti Johanna Döbereiner huko Brazili, naye alipimwa kwanza kwa naitrojeni anayoitoa hewani. Mara nyingi naitrojeni hiyo haikutosha kueleza mmea ulivyonawiri. Jibu kubwa lilikuwa kwenye mizizi. Mzizi hutoa majimaji yenye sukari na asidi amino, mojawapo ikiitwa triptofani. Bakteria huigeuza triptofani hiyo kuwa oksini, homoni ileile ambayo mmea wenyewe huitumia kuchipuza mizizi ya pembeni. Watafiti walipomharibia uwezo wa kutengeneza oksini, hakuweza tena kuchochea mizizi kama mwenzake mzima. Ndivyo alivyokamatwa.

Sasa mlete Dodoma. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na katikati hapo hukatika. Ng'oa mche wa mtama kule Hombolo wiki ya pili bila mvua. Vinyweleo vya mzizi vimekumbatia mchanga hadi mzizi unaonekana umevaa soksi. Ukiukung'uta, mchanga haudondoki wote. Soksi hiyo ndiyo inayonyonya unyevu uliobaki, na mizizi ikiwa mingi, soksi nazo huongezeka. Urea iliyomwagwa juu ya udongo mkavu, kwa upande wake, haifiki mizizini mpaka mvua irudi. Anayetazama rangi ya jani peke yake hawezi kuyaona haya.

Kuna takwimu ambayo pande zote mbili huitumia. Mwaka 1994 watafiti Yaacov Okon na Carlos Labandera-González walipitia majaribio ya mashambani ya miaka 20: asilimia 60 hadi 70 yalifanikiwa, mavuno yakipanda kwa asilimia 5 hadi 30. Mpinzani anasoma kwamba mara tatu au nne kati ya kumi hupati kitu. Ni kweli, na hela ya kipakiti imeshatoka mfukoni. Mimi nasoma nikiwa upande wa Bahi na Chamwino, hapa Dodoma, ambako mtu hufukia mbegu kwenye vumbi akisubiri mvua ambayo hakuna aliyemwahidi. Kwake yeye, sita kati ya kumi ni bahati nzuri. Na hata asilimia 5, ukivuna magunia kumi, ni nusu gunia, chakula cha siku kadhaa za Februari ghala likiwa tupu.

Tatizo jingine halisemwi sana dukani. Oksini ikizidi, mzizi hudumaa badala ya kurefuka, kwa hiyo kumwaga vipakiti viwili pale panapohitaji kimoja kunaweza kukuharibia. Tumezoeshwa na mbolea kwamba kuongeza ndiyo kunufaika.

Msimu huu ningeanza na samadi na mbolea ya kupandia yenye fosforasi, na mabua nisingeyachoma, maana bakteria waliopo tayari nao wanakula. Kipakiti ningekitia mistari mitano tu. Mvua ikikatika, ning'oe miche ya mistari hiyo na ya jirani yake, niilaze chini, nilinganishe soksi.