Noah Yangu Bado Iko Njiani

Jana usiku umeme umekatika nikiwa nimeshanyoosha mguu mmoja wa suruali. Mguu mmoja! Pasi nikaiacha palepale juu ya mguu wa pili, nikatoka barazani kupunga upepo na kulaumu, maana giza likiingia hakuna kazi nyingine. Nikalaumu vizuri sana. Nikalaumu mpaka nikasahau swichi. Umeme uliporudi, aliyenijulisha ni harufu.

Hiyo ndiyo ilikuwa ya kazini. Iliyobaki ni ya misiba.

Sasa mimi si mtu wa kupayuka. Mimi ni baba mwenye familia, najua mambo ya taifa ni mazito. Ila naomba niulize kwa adabu: Machi 2024 si tuliambiwa umeme umezidi mpaka mitambo mingine inazimwa? Na Aprili mosi nchi si ikaingia gizani, tukadhani ni ule utani wa siku ya wajinga? Bwawa la Julius Nyerere tumelingoja kama mahari, megawati 2,115, halafu mwaka uliofuata tunasikia mpango wa kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, eti wa kwetu unapotelea njiani kwa umbali. Hata mimi napotelea njiani kila mwisho wa mwezi, mbona mke wangu hajaagiza mwingine Ethiopia?

Tuyaache. Asubuhi nikaenda soko la mitumba la Karume kutafuta kadeti.

Kijana kaniangalia viatu kwanza, kisha uso, ndipo akataja bei. "Elfu ishirini na tano, mzee. Hii kamera, haina hata alama."

Nikasema moyoni, leo najadiliana kama serikali. Nikarudi hatua moja, nikakunja uso, nikatoa sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili. "Elfu tano. Na unirudishie na zile ulizonizidishia miaka yote niliyonunua hapa."

Hakucheka, hakukasirika. Akaendelea kukunja fulana zake. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa mezani.

Pembeni palikuwa na babu mmoja anajaribu koti. Nikamteua kimoyomoyo kuwa kamati. "Babu, kweli hii ni ya elfu ishirini na tano?" Kamati ikaishika suruali, ikaigeuza, ikavuta mshono wa makalioni, ikatoa ripoti: "Nzuri hii. Kama huitaki, naichukua mimi."

Hapo kijana ndipo akafungua mdomo. Belo limepanda, dola imepanda, kijiwe kinalipiwa. Nikamkatiza, nikamkumbusha kwamba mwaka 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walishasema mitumba basi, ikifika 2019 tuvae vya kwetu.

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, Wamarekani si wakasema tukizuia watatutoa kwenye AGOA, ule mpango wa kuwauzia bidhaa bila ushuru?"

"Walisema."

"Rwanda wakakaza. 2018 nguo zao zikaanza kulipishwa ushuru kule. Sisi je?"

Nikakohoa.

"Sisi tulilegeza, ndiyo maana leo una suruali ya kuchagua. Haya, lete ishirini na nne."

Ikabaki silaha moja, kuondoka. Nikaondoka kweli, hatua kumi na moja, polepole, shingo imekakamaa, masikio yote yako nyuma. Hakuniita. Ya kumi na mbili ikaingia kwenye dimbwi. Nikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli.

Tukafunga elfu ishirini na tatu. Na kwa kuwa sasa tumekuwa washirika, akanitupia soksi za bure. "Kishika uchumba hicho, mzee!" Moja ya bluu, nyingine ina mti wa Krismasi.

Angeninyima tu. Hilo neno lilinikumbusha Noah yangu, lile gari.

Mwaka 2017 serikali ikaidai kampuni ya Acacia kodi ya makinikia, ule mchanga wa dhahabu, dola bilioni 190. Mtaani tukagawanya kwa vichwa, kila Mtanzania na Noah yake. Mwenzenu nikakata mwembe uani nipate pa kuegesha. Mwembe unaozaa! Mazungumzo yakaenda, yakarudi, tukasikia dola milioni 300, kishika uchumba. Gawanyeni wenyewe kwa watu milioni hamsini na kitu: hata dola sita hazifiki. Dola sita kwenye Noah ni mpira wa waipa. Najua, msinifokee, tulipata na hisa asilimia 16, kampuni ya ubia ya Twiga ikazaliwa, faida za kiuchumi nusu kwa nusu. Lakini hisa huwezi kuiegesha uani, wala haina kivuli, na saa nane mchana jua la pale linanipiga utosini.

Mimi sikatai kuzidiwa. Nimeingia na elfu tano nimetoka na ishirini na tatu, nimefika nyumbani nimemwambia mama watoto, nimezidiwa. Kanicheka, yameisha. Kinachonikera ni mtu anazidiwa kule, halafu ananiletea matarumbeta nicheze, na nikiuliza bei naambiwa siyo mzalendo. Bei tu! Nimeuliza bei!

Na sukari nilitumwa nikaisahau. Sukari sitaki hata kuigusa, bei yake ya mwanzoni mwa 2024 bado inaniuma.

Sasa hivi niko kwenye benchi la fundi, soksi mkononi, maana kadeti yenyewe ni ndefu, aliyeivaa kule alikuwa twiga. Cherehani ya fundi ni ya umeme, na umeme mnajua. Ile ya miguu anayo, iko kona ile, ila kuku kaatamia juu ya pedali. Mayai tisa. Fundi kasema hakuna mtu wa kumsogeza yule kuku mpaka Jumamosi.