Friza Iliyopiga Besi

Makosa yangu yote yalianzia kwenye magurudumu. Amplifaya yangu ilikuwa na magurudumu manne, na mimi nakaa Lamu mjini, mtaa wa Langoni, ambako ukikutana na punda wa mchanga kwenye uchochoro lazima mmoja wenu arudi nyuma, na punda harudi. Njia yenyewe ni ngazi, mtaro, mchanga, ngazi tena. Anayenunua kitu cha magurudumu akakileta huku ana lake jambo. Lakini siku niliyoiona Mombasa, kwa muuza mitumba, nyeusi, nzito kama mzee aliyekasirika, nilizungusha gurudumu moja kwa kidole likazunguka, likazunguka, bila hata mlio. Nikatoa pesa.

Pesa zenyewe zilikuwa shilingi 35,000, na zilikuwa za friza. Mama alitaka kuuza mabarafu ya ukwaju mlangoni. Nikairudisha amplifaya usiku usiku, nikaificha kwa rafiki, mama nikamwambia friza ipo Mokowe, ng'ambo upande wa bara, yangoja chombo kikubwa cha kuivusha. Ikangoja huko Mokowe miezi minne. Kila tukikaa kula, mama aliuliza mara moja tu, kwa upole unaochoma kuliko ukali: "Friza yaya lini?"

Mimi si mwanamuziki wa kusema hivyo mbele za watu. Mchana napiga msasa milango ya kuchonga, jioni napiga besi kwenye kikundi kidogo cha taarabu na chakacha. Ila sikio langu ni jahazi, halichagui mzigo. Asubuhi nasikiliza udi wa Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu hii hii. Mchana, vumbi la mbao likiwa puani, ni Franco na TPOK Jazz, namfuata Decca Mpudi kwenye besi mpaka fundi wangu anauliza mbona mlango umekuwa na mawimbi. Usiku ni Metallica, mpaka jirani agonge ukuta. Niliwahi kumhadithia baba mdogo, ambaye ni mvuvi, habari za James Jamerson wa Motown aliyepiga besi kwa kidole cha shahada peke yake, wenyewe wakakiita kidole hicho "ndoano". Baba mdogo akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa alivua nini?"

Wiki ya harusi hii ninayoisimulia, mzigo wa jahazi ulikuwa Family Man Barrett, yule mpiga besi wa The Wailers, kikundi cha Bob Marley. Besi nzito, ya chini, inayojua kunyamaza. Nilishaanza kuichomeka kimya kimya kwenye chakacha zetu, na mwalimu wetu wa kinanda alishaanza kuinusa.

"Besi ni chumvi," aliniambia. "Mtu akiitambua kuwa imo, basi imezidi."

Harusi ilikuwa Shela. Mama nilimuaga kuwa nakwenda Mokowe kufuatilia friza, huenda nikalala huko. Amplifaya ikapanda punda hadi gatini, ikapanda boti, ikashuka Shela na kuzama kwenye mchanga hadi tumboni, ikapanda punda mwingine. Magurudumu yote manne yalikuwa hewani safari nzima, yakizunguka polepole kama yanayotalii. Mwenye punda wa pili aliyatazama, akanitazama mimi, akaongeza hamsini kwenye bei.

Ilikuwa usiku wa kupamba, shughuli ya wanawake pekee. Wenye nyumba ni watu wa heshima zao, kwa hiyo sisi wapigaji wanaume wanne tuliwekwa upande mmoja wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba usio na paa, na katikati ikatungwa kamba ndefu yenye leso zilizoungwa pamoja. Wao wasikie, sisi tusione. Mwimbaji wetu, ambaye ni mwanamke, alikaa upande wao na kipaza sauti. Bibi mmoja akachungulia kabla hatujaanza, akatuhesabu, akasema akisikia hata mboni imegeuka atajua.

Hapa nieleze kitu kimoja, maana ndicho kilichoniponza. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Uzi mnene wa besi ukiupiga wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita nane hivi, kwa hiyo chumbani likigonga ukuta na kurudi, kuna mahali linajifuta lenyewe. Miaka yote nilipiga ndani ya vile vyumba nikidhani besi yangu ni dhaifu. Usiku ule, nje, chini ya nyota, nikaupiga ule uzi mara moja wa kujaribu na bilauri zikalia kwenye zidaka. Nilihisi kama nimezaliwa tena. Sitaki kusema uongo, nilikizungusha kile kidude cha besi mpaka kikagoma.

Chakacha ya kwanza nikawa mtoto mzuri. Ya pili, vigelegele vikapanda, dumbaki ikachangamka, nikafumba macho na kumwingiza Family Man. Duu. Kimya. Du-du. Kimya. Duu.

Nikahisi gitaa linavutwa.

Nikajua ni mwalimu huyo, kashika waya, anataka nipunguze. Nikajifanya sijui, nikaongeza. Likavutwa tena, nikasogea hatua moja. Likavutwa tena. Nikasema moyoni, mzee huyu leo ana nguvu za wapi? Nikafumbua jicho moja. Mwalimu alikuwa kwenye kinanda chake, mikono yote miwili kazini, mdomo wazi, akitazama mahali ambapo dakika tano zilizopita palikuwa na amplifaya.

Kiwanda cha nyumba husakafiwa kwa kuinamia kidogo upande wa tundu la maji, mvua isisimame. Saruji yake ilikuwa imesuguliwa hadi inateleza. Yale magurudumu yaliyokataa kazi kutoka Langoni hadi Shela yakawa yamepata barabara kwa mara ya kwanza tangu Mombasa, na kila nilipopiga "duu" spika ilitetemeka ikajisukuma kidole kimoja. Nilipoiona ilikuwa imeshapita nusu chini ya pazia. Pembe yake ikanasa ukingo wa leso. Nikashika waya niirudishe, na hilo ndilo kosa, kwa sababu iligeuka kidogo, ikanasa vizuri zaidi, kamba ikasema "tap".

Leso zote zikaanguka juu yake. Ikaendelea kuteremka kuelekea kwa bibi harusi, imefunikwa gubigubi, kama na yeye kaja kupambwa.

Mayowe yaliyotoka pale sijayasikia hata kwa Metallica. Mabuibui yakaruka. Mimi nikafumba macho kwa nguvu zote, lakini waya ulikuwa bado unanivuta, basi nikawa naifuata kama punda wa mwisho, na mkono, Mungu anisamehe, haukuacha kupiga. Nilihofu nikinyamaza watanigundua.

"Funga mato!" bibi akanguruma.

"Yamefungwa, bibi!"

Amplifaya ikagonga kitu, ikatulia. Pakawa kimya. Kisha ikaja sauti ya upole ninayoijua tangu nikiwa tumboni.

"Mwanangu. Friza imefika?"

Sikujua kuwa wamemwalika. Nikajibu vile vile, gizani. "Imefika, mama."

"Na yaimba."

Waliocheka kwanza ni wazee. Halafu wote. Nilishikwa bega nikageuzwa uso ukutani kama mtoto wa chuoni, chini ya magurudumu ikasokomezwa mbuzi ya kukunia nazi, pazia likatungwa upya, na yule bibi aliyenitisha akaagiza ipigwe ile ile, "ile ya kutembea". Mwalimu akakohoa, akapiga. Nilimaliza usiku nikiangalia ufa wa chokaa wenye umbo la kamba.

Malipo yangu, shilingi 2,000, sikuyaona. Mkono wenye hina ulipita chini ya pazia na mwalimu akauwekea noti bila kuuliza. Ikawa hivyo harusi kumi na nane mfululizo, kwa mahesabu ya mama. Ile elfu moja iliyozidi alisema ni ya nauli zangu za Mokowe.

Friza imekuja, ya kweli, kwa jahazi. Siku ile ile mama alinipa bisibisi. Sasa amplifaya yangu imekaa juu ya vipande vinne vya mninga na haiendi popote, na kila alasiri mama huisukuma friza kwa kidole kimoja kutoka ndani hadi mlangoni. Barafu la ukwaju ni shilingi kumi. Mimi pia hunitoza.