Maruhubi: maji yarudi hodhini, jumba libaki gofu

Ukitoka Mji Mkongwe kwa barabara ya Bububu, kiasi cha kilomita 4 hivi, kushoto kwako upande wa pwani zimesimama nguzo nene za mawe zisizobeba kitu. Ndiyo Maruhubi, jumba la shamba alilolimaliza Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1882. Ghorofa ya juu ilikuwa ya mbao, na moto wa 1899 haukuiacha. Zimebaki nguzo, hamamu (nyumba ya kuogea) yenye vyumba vyake, na mahodhi ya bustani ambayo siku hizi yameachiwa mayungiyungi. Marumaru ya hamamu yaliibwa.

Yakitajwa magofu haya watu hugawika. Wapo wanaotaka jumba lijengwe tena kama lilivyokuwa, wageni walione na mafundi wapate kazi. Wengine wanasema gofu ni gofu, liachwe lilivyo. Pande zote mbili hubishana juu ya jumba, na bustani haisemewi. Uhai wa mahali kama hapa haukuwa dari. Ulikuwa maji.

Tuanze na wanaotaka kujenga, kwani wana hoja moja ambayo wapinzani wao huipita haraka: gofu halikai lilivyo. Nguzo ya matumbawe ilijengwa ikae chini ya paa. Nje ni mawe yaliyopangwa na kupigwa lipu. Ndani ni kifusi kilichoshikwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Paa likiondoka, mvua huingilia kichwani. Unguja hupata karibu milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka wakati wa masika, na kila msimu hukomba udongo kidogo kutoka ndani. Kwa nje nguzo inaonekana nzima, ila ukiigonga inalia debe tupu. Kisha ndege anaangusha mbegu ya mtini juu, mzizi unafuata ule ufa ulio laini, na baada ya miaka kadhaa mti ndio unaoishika nguzo badala ya nguzo kuushika mti.

Hoja yao ya pili ni ufundi. Mwashi wa chokaa hajifunzi kwa kusoma, na pasipo kazi ya kufanya maarifa yanamfia mkononi.

Hupenda pia kutoa mfano wa Uingereza, na mfano huo hauko mbali kama unavyodhaniwa. Barghash alizuru huko mwaka 1875, na inasimuliwa kwamba kuta za bustani ya Maruhubi aliziiga kutoka kwenye viwanja vya majumba aliyoyaona. Katika eneo la Painshill, mkoa wa Surrey, bustani aliyoitengeneza Charles Hamilton kuanzia 1738 ilikuwa imegeuka msitu. Taasisi ya hifadhi iliyoundwa mwaka 1981 imeirudisha kipande kwa kipande, pamoja na pango la bandia lililopambwa kwa fuwele. Lakini Painshill ina jambo la kuchekesha ambalo wanaoitolea mfano hulisahau: mwaka 1772 Hamilton alijenga gofu jipya la abasia (nyumba ya watawa), matofali yaliyopakwa lipu, ili bustani ionekane ya kale. Wenzetu walitumia fedha kutengeneza gofu, nasi tunalo la kweli tunataka kulifukia kwa jumba jipya.

Hapo upande wa pili unapata nguvu. Painshill walichimba ardhi na kusoma maelezo ya wageni wa zama zile kabla ya kugusa kitu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, hauruhusu kujenga upya kilichobomoka, ila kurudisha mahali pake vipande vilivyopo vilivyoanguka. Maruhubi, kilichoanguka kilikuwa mbao, na mbao imekuwa jivu. Picha ya zamani hukuonyesha sura ya nje. Haikwambii lipu ilikuwa na tabaka ngapi wala sakafu ya juu ilikaa vipi. Jumba jipya lingejengwa kwa kubahatisha, na haohao mafundi wangeambiwa watumie saruji ili kazi iishe upesi.

Saruji ndiyo inayotutia hofu kuliko moto wenyewe. Tumbawe lina vinyweleo na hunywa maji, na karibu na bahari maji hayo yana chumvi. Chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyazuia, na chumvi hukauka nyuma ya lipu, ikatanua chembe zake na kulimega jiwe. Baada ya misimu michache utaona jambo la ajabu: viungo vya saruji vimechomoza kama mbavu, mawe kati yake yameliwa. Kiraka ndicho kilichodumu, ukuta umekwisha. Mchanga wa pwani usiooshwa hufanya uharibifu uleule hata ndani ya chokaa safi.

Kwa maoni yetu, nguzo zisiongezwe urefu hata inchi moja, bali zivikwe vichwa, yaani kofia ya chokaa juu ya kila nguzo. Mti ulioota juu usivutwe, kwa sababu mzizi utatoka na nusu ya nguzo. Hukatwa, kisiki kikauawa, kikasubiriwa kinyauke, ndipo mianya ikajazwa uji wa chokaa kuanzia chini kwenda juu. Kisha kichwa kinapigwa chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, kwa mteremko ili maji yasituame. Kila tabaka lisizidi milimita 15, na lifunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Likipigwa juani wakati wa kaskazi bila magunia, litapasuka kabla ya magharibi.

Kinachostahili kurudishwa ni maji, na yarudishwe katika hodhi moja kwanza. Kabla ya kuziba chochote, lijazwe. Weka alama ya chaki kwenye ukingo, na pembeni weka ndoo ya maji yenye alama pia. Baada ya saa 24 pima. Ndoo ikishuka milimita 5 na hodhi milimita 25, jua limechukua 5, uvujaji 20. Kwa hodhi la mita 10 kwa 6, hizo ni lita 1,200 kwa siku, na hakuna chemchemi ya kuchezewa hivyo. Ziba kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa vigae vilivyotwangwa, maana chokaa tupu haigandi majini. Mayungiyungi yapandwe vyunguni, kwani yakipandwa kwenye tope la sakafuni mizizi hufukua lipu. Na hodhi lisikaushwe katikati ya masika: maji ya ardhini husukuma sakafu kutoka chini ikainuka.

Wapinzani watauliza juu ya mbu, na ni haki yao. Maji yanayotembea na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu hupunguza tatizo, ila hawalimalizi pasipo uangalizi.

Lipo pingamizi jingine lisilotibiwa kwa chokaa. Wageni huambiwa Maruhubi ilikuwa ya masuria 99, hesabu tamu kwa watalii. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897, yaani kwa karibu umri wote wa jumba hili. Ukirudisha uzuri wa maji bila kibao kinachosema hivyo waziwazi, umetengeneza pambo tu. Gofu tupu, kwa ukali wake, halidanganyi kiasi hicho.

Onyo la matengenezo ya nia njema lipo Kidichi, humuhumu Unguja, kwenye hamamu aliyoijenga Sayyid Said, baba yake Barghash, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Nakshi za lipu ndani yake zina maua na ndege. Kila mkono wa chokaa nyeupe unaopakwa juu ya nakshi za aina hiyo huongeza unene kama wa karatasi, na baada ya mikono kumi ncha ya jani huwa mviringo, jicho la ndege hufunikwa. Chokaa hiyo huondolewa kwa kijiti cha mti na brashi laini, kiganja kimoja kwa wakati, si kwa patasi.

Huko Maruhubi kazi kuu itakuwa nyepesi kuliko hiyo, ila haina mwisho. Miembe huangusha majani mwaka mzima. Bajeti isiyo na mshahara wa mtu wa kuyaopoa hodhini kila wiki isipitishwe, kwa sababu kabla ya masika ya pili hodhi litakuwa tope tena.