Mshale kichwani: nani apasuliwe, nani aachwe?

Mtu kachomwa mshale au nondo kichwani, au kapigwa risasi, kitu kimepita fuvu mpaka kwenye ubongo na bado anapumua. Hapo watu wa tiba wanagawanyika. Kuna wanaosema mpe kila kitu, chumba cha upasuaji, ICU, damu, hata kama hali mbaya. Na kuna wanaosema chagua, maana wengine hata ufanye nini hawarudi. Kwa sisi wa Dodoma huu mjadala una kilomita ndani yake, mtu anatoka Kondoa au Mpwapwa huko vijijini, zaidi ya kilomita 100 ndo aione hospitali ya Benjamin Mkapa ambako upasuaji wa ubongo unafanyika, na ikishindikana hapo ni MOI (taasisi ya mifupa na ubongo) pale Muhimbili, Dar es Salaam, kilomita kama 450 zingine.

Wanaosema chagua tusiwabeze. Mtu kafika na alama 3 mpaka 5 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow (mzima ana 15), mboni zote mbili zimepanuka hata ukimulika tochi hazisinyai, na picha ya CT inaonyesha kitu kimevuka kutoka upande mmoja wa ubongo mpaka wa pili, huyo kupona ni nadra sana hata Ulaya. Sasa umpakie usiku kumpeleka Dar, ndugu wameshauza ng'ombe, anafia njiani Gairo, halafu wanaanza kuchangishana upya kurudisha mwili. Hayo mateso na yenyewe yahesabiwe, anayeyalipa ni mama mwenye watoto wanaotakiwa kula kesho.

Ila mi nina shida kubwa na zile takwimu zinazotumika kukata tamaa. Kwanza nyingi ni za risasi, tena risasi za karibu za Marekani, na wengi wao ni watu waliojipiga wenyewe. Huku kwetu unakuta mshale, panga, nondo ya saiti, spoku ya baiskeli kwa mtoto. Kitu cha kasi ndogo kinaharibu pale kilipopita, risasi ya kasi inatikisa na kuchana hadi pembeni, kwaiyo kumpimia mtu wa mshale kwa takwimu za risasi ni kumuonea kabisa. Pili, mgonjwa akishakatiwa tamaa hapewi tiba, asipopewa tiba anafa, akifa anaingia kwenye hesabu ya "hawa huwa wanakufa", na hesabu hiyo hiyo ndo inamkatia tamaa anaefuata.

Na hiyo alama ya Glasgow inadanganya mapema. Mtu kapoteza damu, presha iko chini, kalewa, au ametoka kushikwa na degedege dakika chache zilizopita, unampimaje hapo hapo ukasema huyu basi? Mpe oksijeni, mpe dripu, pandisha presha, ndo umpime tena. Aliyekuwa mbunge wa Marekani, Gabrielle Giffords, alipigwa risasi ya kichwa mwaka 2011, akapelekwa upasuaji haraka, yuko hai mpaka leo ingawa kuongea kunampa shida. Lakini tuseme ukweli wote, risasi yake ilipita upande mmoja tu wa ubongo na alifika akiweza kukaza mkono akiambiwa, kwaiyo hata upande wa "chagua" wangemchagua.

Kitu kingine wengi wanadhani kupasua maana yake ni kufukunyua kila kipande. Daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1917, alishusha vifo kutoka zaidi ya nusu mpaka chini ya theluthi kwa kusafisha kidonda kwa kina, na tangu hapo hadi Vietnam madaktari wakawa wanarudia hata upasuaji kutafuta vipande vya mfupa. Baada ya vita vya Lebanon miaka ya 1980 ikaonekana vipande vilivyojificha ndani mara nyingi havina shida kama tulivyodhani, shida kubwa ni maji ya ubongo yakivuja, hapo ndo maambukizi yanapoingia. Mwongozo wa kitaalamu wa 2001 ukaelekea huko: safisha kiasi, funga utando wa ubongo usivuje, antibayotiki mapema, dawa ya kuzuia degedege wiki ya kwanza. Hii ni habari njema kwa hospitali isiyo na kila kitu.

Na kuna majeruhi ambao hata mjadala hawaufikii. Mshale ukiingia kona ya jicho, kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo sana, lakini paa la tundu la jicho ni mfupa mwembamba na juu yake ni ubongo. Mtu anaongea vizuri, anatibiwa jicho tu anarudi nyumbani, baada ya siku kadhaa homa na jipu la ubongo. Kama mshale bado upo USIUVUTE, wenye ndoano unatoka na nyama za ubongo na damu iliyokuwa imezibwa inafunguka. Zungushia vitambaa usicheze, msafirishe hivyo hivyo. Na PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) ifuate nyuma, dharura inatibiwa kwanza.

Kwaiyo mi nasimama hapa: saa za kwanza kila mtu apewe tiba kamili bila kubagua, uchaguzi uje baada ya mgonjwa kutulizwa na picha ya CT kuonekana, na uje kwa kuwaita ndugu pembeni kuwaambia wazi, huyu tunamsafirisha kwa sababu hii, au huyu tunabaki nae hapa tumpunguzie maumivu na ng'ombe wenu msiuze. Wajawazito na vichanga wana mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, dereva wa mtaani anapigiwa simu anakuja na analipwa na mfumo. Majeruhi wa kichwa wa Kondoa anasubiri ndugu wachange mafuta, na hilo ndo ningependa wizara walianzie.